Baridi Yabisi Katika Nchi ya Jua

Huko Nakalale watu huniita daktari, nami kwa muda mrefu sikuona haja ya kuwasahihisha. Shahada yangu ya uzamifu ni ya isimu. Ninachoweza kukitibu, iwapo kutibu ndilo neno lake, ni sentensi iliyovunjika. Hata hivyo, mwaka 2022 jina hilo lilinisuta. Nilimfikisha mama mmoja mzee mbele ya tabibu, nikayatafsiri maumivu yake vibaya, na kosa langu likamgharimu zaidi ya mwaka mzima. Nimeona heri nilikiri hapa, kwa kuwa walimu na wanafunzi wasomao safu hii ndio wakalimani wa jamaa zao kila mgonjwa wa nyumbani apelekwapo hospitali, na lililonipata mimi laweza kumpata yeyote kati yao.

Nakalale iko kaskazini mwa Kaunti ya Turkana, katika nchi ambayo mvua ni mgeni na jua ni mwenyeji. Mwaka huo ulikuwa wa ukame mkali. Misimu ya mvua ilikuwa imekosa mfululizo tangu mwishoni mwa 2020, mifugo ilikuwa imekufa kwa wingi, na wanawake walichimba visima katika mchanga wa mito mikavu, kila mara chini zaidi na kila mara mbali zaidi. Mimi nilikuwa nimekwenda kukusanya msamiati wa viungo vya mwili katika Kiturkana, nikapokewa nyumbani kwa mwanafunzi wangu wa zamani. Nyanya yake ndiye aliyekuwa mwalimu wangu mkuu. Nilimwona, kila alipotaka kuinuka kutoka kwenye ngozi aliyokalia, akijipindua kwanza upande, akishika ardhi kwa mikono miwili, kisha akisimama kimya kwa muda kabla ya kupiga hatua ya kwanza, kana kwamba anauomba ruhusa mguu wake mwenyewe.

Tulipompeleka zahanati, mwanafunzi wangu hakuwapo. Tabibu alikuwa mgeni kutoka kaunti nyingine, asiyejua Kiturkana. Mimi, kwa kiburi cha msomi aliyejifunza lugha hiyo kwa miaka saba, nikajitolea kuwa mkalimani. Mama yule alisema maneno mengi. Alisema maumivu huanzia pale mguu unapoungana na mwili, yakashuka kwa mbele ya paja, yakaishia gotini, na kwamba usiku humwamsha akijigeuza. Alipofika penye kinena, mkono wake ulipita haraka, nami kwa kuona haya nikageuza uso. Mkono uliposimama juu ya goti, nikatazama tena, nikamwambia tabibu: “Goti linamuuma.”

Maneno mawili! Na tabibu, akiwa amepewa goti, akatibu goti. Alilibonyeza, akalikunja, akaandika dawa ya kutuliza maumivu, tukarudi nyumbani.

Mwishoni mwa 2023 tulimpeleka Lodwar, kwa kuwa sasa alikuwa akichechemea vibaya na hakuweza tena kuchuchumaa. Daktari alimlaza chali, akaukunja mguu, kisha akaugeuza polepole ndani na nje. Goti halikulalamika hata kidogo. Nyonga ndiyo iliyokataa. Picha ya eksirei ikathibitisha: ile nafasi nyembamba inayopaswa kuonekana kati ya kichwa cha fupa la paja na kikombe chake ilikuwa karibu imetoweka, na pembeni mwa mfupa palikuwa pameota vinundu kama miiba. Daktari akauliza ni nani aliyesema kwamba ugonjwa ulikuwa gotini. Nikajibu kwamba ni mimi.

Ugonjwa huo wanataaluma huuita osteoathraitisi, jina lililoundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya mfupa na kiungo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 walikuwa nao katika kiungo kimoja au kingine. Goti ndilo huathirika zaidi, kisha nyonga na mikono. Ili kuuelewa, yatubidi tuufahamu kwanza mtambo unaoharibika.

Nyonga ni kiungo cha mviringo ndani ya kikombe. Warumi walikiita kikombe hicho kwa jina la kibakuli chao cha siki, na jina hilo limebaki katika vitabu vya utabibu hadi leo. Ndani ya kikombe huzunguka kichwa cha fupa la paja, na nyuso zote mbili zimevikwa gegedu laini na telezi, huku ute wa kiungo ukizilainisha. Kila tunapotembea, kwa ile nukta ambayo mguu mmoja uko hewani, nyonga ya mguu uliosimama hubeba mzigo wa takriban mara mbili na nusu hadi tatu ya uzito wa mwili. Mwongezee mwanamke mtungi wa lita 20, nao ni kilo 20, ukadirie mwenyewe hesabu ya hatua zake kutoka kisimani.

Hapana shaka kwamba Turkana ni mahali pafaapo kulitafakari jambo hili, maana historia ya mwanadamu kutembea kwa miguu miwili imeandikwa kwa sehemu kubwa katika udongo wake. Huko Kanapoi, kusini-magharibi mwa ziwa, ulipatikana mfupa wa mguu wenye umri wa zaidi ya miaka milioni 4, unaoonyesha kwamba mwenyewe alitembea wima. Na mwaka 1984, huko Nariokotome, Mkenya Kamoya Kimeu aligundua kipande cha kwanza cha kiunzi cha yule kijana aitwaye Mvulana wa Turkana, aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Tangu tuliposimama wima, mzigo wote wa kiwiliwili umeegemea nyonga mbili. Kiungo hiki ni cha kale, nacho hakijapata likizo.

Jambo la ajabu ni kwamba gegedu halina mishipa ya damu wala neva. Kwa kuwa halina neva, huliwa kimyakimya. Mtu huanza kusikia maumivu pale tishu nyingine za kiungo na mfupa ulio chini yake zinapoguswa na uharibifu. Kwa kuwa halina damu, hulishwa na ute unaosukumwa ndani yake wakati kiungo kinapofanya kazi. Kwa maneno mengine, gegedu hula kwa kutembea. Ndiyo maana ni kosa kumwambia mgonjwa wa nyonga akae kitako tu hadi apone.

Zamani ilidhaniwa kwamba kiungo huchakaa kama tairi la gari. Siku hizi mfano huo umeonekana kuwa na upungufu. Tairi halijaribu kujiponya, kiungo hujaribu. Vile vinundu vilivyoonekana katika picha ni mfupa unaojijenga ovyo ukitafuta nafuu, na ngozi ya ndani ya kiungo huvimba, na misuli ya paja na ya matako hudhoofika. Ni ugonjwa wa kiungo kizima, wala si wa gegedu peke yake. Umri huuchochea, lakini vilevile urithi, unene, majeraha ya zamani, kazi ya miaka mingi ya kuinua mizigo mizito, na umbo la nyonga tangu utotoni.

Sasa turudi kwenye taaluma yangu. Baada ya ile safari ya kwanza ya zahanati, majirani walimwambia mama yule kwamba huo ni uzee. Mwenye duka, msemaji hodari wa Kiswahili, akampa jina jingine: baridi yabisi. Wengi wetu tumelitumia jina hilo bila kulichunguza. Ni jina la kale, lililotujia na utabibu wa Kiyunani na wa Kiarabu, ambao uliyagawa mambo yote ya mwili katika moto na baridi, majimaji na ukavu. Kwa mafundisho hayo, maumivu ya viungo yalihesabiwa kuwa maradhi ya ubaridi na ukavu.

Nusu ya jina hili yasema kweli. Yabisi maana yake ni kavu, kilichokauka kikawa kigumu. Na kiungo kilichougua kwa hakika huwa kigumu. Asubuhi mgonjwa huamka nyonga imekakamaa, ikalegea baada ya dakika chache, kwa kawaida zisizozidi 30. Kufunga kamba za kiatu, kuchuchumaa, kupanda gari, yote huwa mtihani. Lakini nusu ya pili yapotosha. Baridi huweza kumwongezea mtu hisia za maumivu, ila haimli mtu gegedu. Lau baridi ingekuwa chanzo, Lodwar, ambako joto la mchana hufikia nyuzi 35 za Selsiasi mara kwa mara, pasingekuwa na mgonjwa hata mmoja. Isitoshe, jina hilo hukusanya katika kapu moja magonjwa yasiyo ndugu: huu wa kuchakaa, ule wa kinga ya mwili kuvishambulia viungo vingi kwa pamoja, hasa vya mikono, ambao ukakamavu wake wa asubuhi huzidi saa nzima, na jongo, linalotokana na chembe za asidi zinazojikusanya kiungoni. Kila mmoja una tiba yake. Jina moja kwa magonjwa matatu ni njia fupi ya kukosea dawa.

Na dawa ndiyo iliyofuata. Mwenye duka alimfungia mama yule vidonge katika kipande cha karatasi, visivyo na jina. Sikuwahi kujua vilikuwa vya aina gani. Lakini kila mwalimu na amwambie mwanafunzi wake hili: vidonge vingi vinavyoondoa maumivu ya viungo kwa haraka ya kustaajabisha huwa na steroidi, na steroidi zikitumiwa kwa wingi au kwa muda mrefu bila uangalizi huweza kukatiza damu iendayo kwenye kichwa cha fupa la paja, mfupa ukafa na kubomoka. Ulevi wa kupindukia huleta balaa hilohilo, na selimundu pia. Yaani, mtu aweza kununua dukani ugonjwa uleule anaoukimbia. Hata dawa za kawaida kama vile aibuprofeni na diklofenaki, zikitumiwa kila siku, huumiza tumbo na figo, na hatari kwa figo huzidi mwili unapokosa maji. Katika nchi ya kiu, onyo hilo si dogo.

Lipo jina la tatu lililotumika katika kisa hiki, nalo ndilo lililoniuma kupita yote. Nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule moja ya msingi, na mwalimu wa darasa akanionyesha daftari lake la mahudhurio. Mbele ya jina la msichana mmoja wa gredi ya tano palikuwa na mfululizo wa alama nyekundu, na pembeni mwalimu ameandika: mtoro. Nilimjua msichana huyo. Alikuwa mdogo wake mwanafunzi wangu. Nyanya yake aliposhindwa kwenda kisimani, mtungi ulihamia kichwani mwake. Hakutoroka shule, alikuwa akibeba mzigo ulioangushwa na nyonga ya mtu mwingine, na sehemu ya mzigo huo niliuongeza mimi kwa maneno yangu mawili.

Kwa nini nilikosea? Si kwa kutojua neno. Neno la nyonga nilikuwa nimelinakili katika daftari langu juma lilelile. Nilikosea kwa mambo mawili. La kwanza ni haya. Maumivu ya nyonga husikika zaidi kwenye kinena, na kinena kiko jirani na mahali ambapo lugha zetu zote hupaficha. Sisi wanaisimu huuita ufichaji huo tafsida, tukausifu kuwa ni adabu. Ni adabu kweli. Lakini mbele ya tabibu, adabu isiyo na mipaka huwa pazia. Mwanamke mzee hupitisha mkono haraka, mkalimani mwanamume hugeuza uso, na ugonjwa hubaki nyuma ya pazia hilo. La pili ni kwamba nilifupisha. Neva zinazopeleka habari za nyonga hupeleka pia habari za goti na za paja, ndiyo maana mwili wenyewe huweza kumdanganya mwenye mwili. Mgonjwa alisimulia safari nzima ya maumivu. Mimi nikataja kituo cha mwisho.

Somo hili lawahusu walimu kwa njia nyingine iliyo nzito zaidi. Mtoto au kijana anayechechemea huku akidai kwamba goti ndilo linalomuuma, na goti lisionyeshe kasoro, nyonga yake na ichunguzwe upesi. Huo hautakuwa ugonjwa wa kuchakaa. Huweza kuwa kifua kikuu cha mfupa, huweza kuwa usaha kiungoni, huweza kuwa kichwa cha fupa la paja kimeteleza kutoka mahali pake, jambo linalowapata hasa watoto wa kati ya miaka 10 na 16. Akiwahiwa, huokolewa, akicheleweshwa, huenda akaingia utu uzima na nyonga iliyokwisha kuharibika.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba mila zetu ni za kulaumiwa tu. Wahenga walisema: asiye na mwana aeleke jiwe. Kueleka mtoto mgongoni, miguu yake ikiwa imepanuka na kumkumbatia mama kiunoni, hukiweka kichwa cha fupa la paja vizuri ndani ya kikombe chake wakati kikombe hicho kingali kikiundika. Jamii zinazowafunga watoto wachanga miguu ikiwa imenyooshwa na kubanwa huwa na visa vingi zaidi vya nyonga kuteguka. Nchini Japani, kampeni ya miaka ya 1970 ya kuwahimiza wazazi waache kuifunga hivyo miguu ya watoto ilipunguza sana visa hivyo. Mbeleko, basi, ni kinga ambayo mama zetu waliitumia bila kuisomea.

Na kwa aliyekwisha kuugua, kuna nini? Gegedu lililoliwa halioti tena kama lilivyokuwa, na yeyote anayeahidi kuliotesha kwa chupa ya dawa amwogope Mungu. Lakini mengi yawezekana. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja na ya matako hupunguza maumivu. Kupunguza uzito huwasaidia walio wanene. Dawa za maumivu zina nafasi yake zikiandikwa na mjuzi. Na kuna bakora.

Kuhusu bakora, mama yule alikuwa nayo tangu zamani, ila aliishika mkono wa upande ule ule wa nyonga iliyougua, kama afanyavyo karibu kila mtu. Daktari wa Lodwar aliichukua, akaihamishia mkono wa pili. Tunaposimama kwa mguu mmoja, misuli ya ubavu wa nyonga hiyo huvuta kwa nguvu kubwa ili kiuno kisielemee upande wa pili, na mvuto huo ndio unaoibana nyonga. Bakora iliyoshikwa upande wa pili huisaidia misuli hiyo, na mzigo wa nyonga ukapungua. Mama akatembea hadi mlangoni na kurudi. Akasema kwa Kiturkana jambo ambalo safari hii nililitafsiri neno kwa neno: “Miaka yote hii fimbo ilikuwa ikinitegemea mimi.”

Mambo hayo yote yakishindwa, upo upasuaji wa kubadilisha nyonga. Mwingereza John Charnley ndiye aliyeuwekea msingi tunaoutegemea hadi leo, mwaka 1962, alipotumia kichwa cha chuma ndani ya kikombe cha plastiki ngumu. Zaidi ya nusu ya nyonga za bandia hudumu miaka 25. Hapa Kenya upasuaji huo hufanywa katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na katika hospitali za misheni kama vile Kijabe na Kikuyu. Kutoka Nakalale, huko ni mbali kwa njia na kwa gharama, na jamaa wanapaswa kuuliza mapema bima ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyoanza kazi Oktoba 2024, italipa nini na itaacha nini. Aidha, wanapaswa kufikiria maisha ya baadaye: mwenye nyonga mpya huonywa, hasa miezi ya mwanzo, asichuchumae wala asikae chini sana. Mtu anayeishi kwa kukaa juu ya ngozi ardhini anahitaji kiti kabla ya kuhitaji upasuaji.

Mama yule bado hajaamua. Amesema ataendelea na nyonga yake hadi itakapokataa kabisa, na huo ni uamuzi wake. Jamaa wamempatia kiti, na maji sasa huletwa na punda wa mjomba. Msichana amerudi shuleni, ingawa masomo aliyoyakosa katika muda ule hayakurudi naye.

Walimu wenzangu, nina ombi moja. Kabla ya kuandika mtoro katika daftari, ulizeni ni nani nyumbani ambaye hawezi kutembea. Nanyi wanafunzi, mtakapoketi kati ya tabibu na nyanya zenu, msiwe na haraka niliyokuwa nayo mimi. Mwacheni mgonjwa amalize. Tazameni mkono unaanzia wapi, na wala si unapoishia tu, kisha semeni yote, hata lile linaloleta haya.